Usiku wa kuaga ukumbi, na mlango wa jikoni

Mpenzi msikilizaji, juma lililopita nilialikwa kwenda kuaga ukumbi. Ndiyo, ukumbi: kuta, bati, jukwaa na meza zake. Ni ukumbi mmoja wa starehe hapa Dar es Salaam, ule wa aina ambayo watu wa Ulaya huita kabare, yaani unakula, unakunywa, na huku mbele yako bendi inapiga na wanenguaji wanafanya kazi yao. Kiwanja kimeuzwa, jengo litavunjwa, na mwenye mali akaona ni vizuri watu wale, wanywe na wacheze hapo kwa mara ya mwisho. Jina la ukumbi nalihifadhi. Sababu utaielewa muda si mrefu.

Ilikuwa sherehe nzuri, sitaki kusema uongo. Kiingilio hakikuwepo. Mishikaki ilizunguka mpaka watu wakaanza kuikataa. Mshereheshaji akapanda jukwaani na karatasi yake, akawashukuru wadhamini, akamshukuru mwenye mali na familia yake, akaishukuru kampuni ya vinywaji, akawashukuru wateja wa siku nyingi kwa majina yao mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akasimama akapigiwa makofi. Alipofika kwa wanamuziki alisema, "na bendi yetu, oyee!" Tukaitikia oyee. Basi, ikawa imetosha.

Nikatoka uani kupunga upepo. Huko nyuma, karibu na jiko, nikamkuta mpiga saksafoni wa bendi hiyo amekaa juu ya kreti ya soda, anafuta mdomo wa chombo chake kwa kitambaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wewe si yule wa redioni? Sauti yako naijua."

Tukazungumza. Akaniambia amepiga katika ukumbi ule miaka 19. "Na leo," akasema, "ndiyo mara yangu ya kwanza kuingilia mlango wa mbele, maana leo nimepewa kadi ya mwaliko. Siku zote njia yetu ni hii hapa, ya jikoni." Nikamuuliza kama bendi imekwisha kulipwa malipo yake yote. Akacheka. "Kuna mishahara ya miezi miwili. Nayo nadhani imealikwa, ila bado haijafika."

Nikiwa kwenye teksi usiku ule kurudi nyumbani, maneno ya mlango wa jikoni hayakunitoka. Yalinikumbusha klabu moja ya mbali sana, ambayo kwa miaka mingi nimekuwa nikiisoma habari zake kwa ajili ya vipindi vya muziki. Klabu hiyo iliitwa Cotton Club, yaani Klabu ya Pamba, na ilikuwa Harlem, katika jiji la New York, Marekani. Hebu tukae nayo kidogo leo, kwani nayo ilifungwa, tena mara mbili.

Harlem ni sehemu ya kaskazini ya kisiwa cha Manhattan. Tangu miaka ya 1910 Wamarekani weusi walimiminika huko kutoka majimbo ya kusini, wakikimbia umaskini wa mashamba ya pamba na kamba za watu waliokuwa wakiwanyonga wenzao bila kesi. Mwaka 1920 Jack Johnson, mtu mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa ngumi za uzito wa juu, alifungua klabu ghorofani kwenye kona ya barabara ya 142 na Lenox Avenue. Akaiita Club Deluxe. Mwaka huohuo marufuku ya pombe ilianza kutumika Marekani nzima. Naye msikilizaji anajua mambo ya marufuku yanavyokwenda: pombe haikuacha kunywewa, iliacha kulipiwa kodi tu. Biashara yote ikaangukia mikononi mwa majambazi.

Mmoja wao alikuwa Owney Madden, mzaliwa wa Uingereza aliyekulia katika mitaa ya shida ya New York. Alikuwa amefungwa katika gereza la Sing Sing kwa kesi ya mauaji. Mwaka 1923 alitoka, na yeye na wenzake wakaichukua klabu ya bondia. Walikuwa na bia yao ya magendo, wakahitaji mahali pa kuiuzia. Wakaipanua ikatosha watu wapatao 700, wakaibadilisha jina, wakaiita Cotton Club.

Jina lile halikuchaguliwa ovyo. Ukumbi ulipambwa ufanane na shamba la pamba la enzi ya utumwa, na kibanda cha magogo, na mapambo mengine ya kuigiza msitu wa Afrika. Jukwaani walikuwa weusi. Waliokuwa wakihudumia meza walikuwa weusi. Waliokaa mezani walikuwa weupe, waliokuja kwa magari kutoka mitaa ya kusini ya Manhattan ili waone "mambo ya Kiafrika" kwa saa chache kisha warudi makwao kulala. Mtu mweusi wa kawaida, aliyepanga chumba mtaa wa pili tu kutoka hapo, hakuruhusiwa kuingia kama mteja. Tafadhali lisikie vizuri jambo hili: klabu ilikuwa katikati ya mji wa watu weusi, ikaishi kwa jasho la watu weusi, na mlangoni walisimama walinzi kuwazuia watu weusi.

Inasimuliwa kwamba hata W. C. Handy, mtunzi wa "St. Louis Blues", aliyeheshimiwa kama baba wa muziki wa bluzi, alizuiwa mlangoni usiku mmoja, na huko ndani muziki wake ukisikika unapigwa.

Wasichana wanenguaji nao walikuwa na masharti yao. Umri usizidi miaka 21. Urefu usipungue futi 5 na inchi 6. Na rangi iwe ya maji ya kunde, isiwe nyeusi. Mwaka 1933 aliingia humo msichana wa miaka 16, jina lake Lena Horne, ambaye baadaye dunia nzima ilimfahamu kwa sauti na kwa sinema. Alilipwa dola 25 kwa wiki. Habari za maisha yake zinaeleza kwamba baba yake wa kambo alipokwenda kuomba binti apewe nafasi bora zaidi, alipigwa na watu wa klabu. Lena alipotaka kuondoka mwaka 1935 kujiunga na bendi ya Noble Sissle, ilimbidi aondoke kama mtu anayetoroka.

Sasa kuna wenzangu wapenda muziki ambao nikizungumza hivi hunijia juu. Wananiambia, bwana wee, acha kulalamika, bila Cotton Club tusingempata Duke Ellington. Nawajibu kwamba hapo wana haki, na hapo ndipo pana utamu wa habari yenyewe.

Ellington aliingia Cotton Club tarehe 4 Desemba 1927, akiwa na umri wa miaka 28. Kabla ya hapo bendi yake ilikuwa ikipiga kwenye vilabu vidogo. Ghafla akapata ajira ya kudumu, jukwaa kubwa, na kazi ya kutunga nyimbo mpya kila mara, kwa sababu maonyesho ya klabu yalibadilishwa mara kwa mara na kila onyesho lilitaka muziki wake. Mwanamuziki akipata mahali anapolipwa kila wiki na kulazimika kuleta kitu kipya, hukua haraka. Wapigaji wake aliwazoea, akawajua pumzi zao, akawa anamtungia kila mmoja kulingana na sauti ya chombo chake. Ile bendi iliyokuja kusifiwa duniani ilipikwa pale.

Na kulikuwa na redio. Mimi ni mtu wa redio, kwa hiyo msikilizaji atanisamehe nikikaa hapa zaidi ya inavyostahili. Klabu iliwekewa vipaza sauti, na muziki wake ukawa unarushwa hewani moja kwa moja usiku. Baada ya muda mfupi mtandao wa CBS ukaubeba nchi nzima. Fikiri maana yake. Yule mwenye nyumba ya kupanga pale Harlem, aliyefukuzwa mlangoni kwa rangi yake, akarudi chumbani, akafungua redio, na bendi ikaingia chumbani kwake. Mlinzi wa mlangoni hakuwa na dawa ya hilo. Huko mashambani kusini, huko Chicago, watu walimsikia Ellington bila kuonyesha uso wao kwa mtu yeyote. Mwaka 1930 alipiga kwenye matangazo hayo wimbo mpya ambao baadaye uliitwa "Mood Indigo". Mwenyewe alisimulia kwamba siku iliyofuata barua za wasikilizaji zilianza kumiminika, naye akasema ulikuwa wimbo wake wa kwanza kuutunga mahususi kwa ajili ya kipaza sauti. Maana yake ni kwamba alitunga akiwafikiria wale wasiokuwemo ukumbini.

Wale wa mezani walidhani wao ndio hadhira.

Ellington aliondoka mwaka 1931, nafasi yake ikachukuliwa na Cab Calloway, yule mwenye suti nyeupe na nywele za kurusharusha, ambaye "Minnie the Moocher" yake ya mwaka huohuo iliuzwa zaidi ya nakala milioni moja. Mwaka 1933 Ethel Waters aliimba hapo "Stormy Weather". Akina Nicholas, wale ndugu wawili wacheza dansi ya viatu vya vyuma, walicheza hapo wakiwa bado vijana wadogo. Kwa ombi la Ellington masharti ya mlangoni yalikuwa yamelegezwa kidogo, na jamaa za wasanii waliweza kupewa viti vya pembeni huko nyuma. Huko nyuma, msikilizaji. Karibu na jikoni, naamini.

Mshairi Langston Hughes, mkazi wa Harlem, aliyaandika mambo haya katika kitabu chake cha kumbukumbu cha mwaka 1940. Alieleza kwamba wenyeji hawakuipenda klabu ile, na kwamba wageni weupe walipewa viti vizuri vya kuwatazama weusi kama mtu anavyotazama wanyama katika bustani. Wakati huohuo, umbali wa dakika chache kwa miguu, kulikuwa na ukumbi wa dansi wa Savoy uliofunguliwa mwaka 1926, ambako weusi na weupe waliingia kwa mlango mmoja na kucheza sakafu moja. Hivyo mtu asikuambie kwamba enzi zile haikuwezekana. Iliwezekana. Wenye Cotton Club hawakutaka, kwa sababu ubaguzi wenyewe ulikuwa sehemu ya bidhaa waliyokuwa wakiuza.

Kilichoiua klabu basi ni nini? Watu wengi hudhani ukumbi hufa muziki wake ukichuja. Angalia hapa. Muziki ulikuwa katika kilele chake. Kwanza ulikuja mdororo mkubwa wa uchumi wa mwaka 1929, matajiri wengi wakapungua. Tarehe 5 Desemba 1933 marufuku ya pombe ikaondolewa, na mtu wa mjini akaweza kunywa bia halali karibu na ofisi yake bila kupanda gari mpaka Harlem usiku. Kisha tarehe 19 Machi 1935 Harlem ikalipuka. Kijana wa miaka 16 alikamatwa dukani akidaiwa kuiba kisu kidogo, uvumi ukaenea kwamba ameuawa. Hakuwa ameuawa, lakini uvumi ulipata majani makavu: watu hawana kazi, kodi za nyumba ni kubwa, na maduka ya mtaani mwao yanachukua fedha zao lakini hayawaajiri. Maduka yakavunjwa, watu watatu wakafa.

Baada ya usiku ule wateja weupe wakaogopa kupanda Harlem. Naye mfanyabiashara hana mtaa wake wa kuufia. Februari 1936 Cotton Club ya Harlem ikafungwa. Septemba mwaka huohuo ikafunguliwa tena huko Broadway, kwenye barabara ya 48, katikati ya mji, karibu na wateja wake. Cab Calloway na mcheza dansi Bill Robinson ndio waliozindua. Wasanii nyota walihama pamoja nayo, jina likahama, umaarufu ukahama. Mtaa wa 142 ulibakiwa na jengo. Wale akina mama waliokuwa wakipangisha vyumba kwa wanenguaji, mpiga rangi wa viatu, muuza chakula cha usiku wa manane, hao hawakuhamishwa na mtu.

Huko Broadway mambo yalikwenda vizuri kwa muda. Ellington alirudi kupiga hapo, Ethel Waters alirudi. Louis Armstrong naye alipita katika jukwaa hilo. Ndiye huyohuyo ambaye mwaka 1960 alifika Léopoldville, Kongo, na kushangiliwa sana na wananchi wa nchi iliyokuwa imepata uhuru miezi michache tu. Lakini kodi ya pango Broadway ilikuwa kubwa mno. Mapenzi ya watu nayo yalibadilika, vijana wakataka kucheza wenyewe badala ya kukaa mezani na kutazama. Zaidi ya hayo serikali ya Marekani ikaanza kuchunguza jinsi wenye vilabu vya usiku vya Manhattan walivyokuwa wakikwepa kodi. Juni 1940 klabu ikafungwa kabisa. Mwaka 1942 mahali pale pakafunguliwa klabu nyingine, Latin Quarter, na meza zikajaa tena kama kwamba hakuna kilichotokea.

Owney Madden hakuwepo kwenye kufunga kule. Alikuwa amekwisha kuondoka New York miaka ya 1930, akahamia mji wa Hot Springs, jimbo la Arkansas, akaishi huko kwa raha zake mpaka alipofariki mwaka 1965. Jambazi alizeeka kitandani. Bondia Jack Johnson, mwenye klabu wa kwanza, alifariki mwaka 1946 katika ajali ya gari. Habari zake zinaeleza kwamba aliendesha kwa hasira baada ya mkahawa mmoja kukataa kumhudumia kwa sababu ya rangi yake.

Ellington ndiye aliyebaki na kitu. Alikuwa na daftari zake za muziki na wapigaji wake, na alikuwa na wasikilizaji waliomfahamu kwa redio na sahani za santuri. Alipiga mpaka alipofariki mwaka 1974. Wanenguaji wale hawakuwa na daftari. Mnenguaji akishapita miaka 21 alikuwa amekwisha kazi, na mchezo wake haukunaswa kwenye santuri. Nimezitazama picha zao mara nyingi: wamepangwa mstari, wanatabasamu, mikono juu. Chini ya picha pameandikwa jina la klabu. Majina yao hayapo.

Hapo ndipo kero yangu ilipo, wapenzi wasikilizaji, na ndiyo sababu sikuutaja ukumbi wa juma lililopita. Sikuwa na nia ya kumwaibisha mwenye mali, ambaye pengine mishahara ile ameshailipa tangu siku ile. Natamani awe ameilipa. Lakini mshereheshaji alisoma karatasi ya ukurasa mzima na hakumtaja mpigaji hata mmoja, na miaka 30 ijayo mtu akitaka kuandika habari za ukumbi ule atapata picha za kata utepe, na za wadhamini, na bango la kampuni ya vinywaji.

Saa nane usiku bendi ilipiga wimbo wa mwisho. Watu walisimama, wengine wakalia kwelikweli, mama mmoja mtu mzima akapanda jukwaani akawatuza wote, hakumruka hata yule kijana wa kubeba spika. Taa zilipowashwa mlango mkubwa wa mbele ulikuwa wazi na walinzi walikuwa wamekwisha kuondoka. Yule mzee alichukua sanduku la saksafoni yake akaelekea uani. Nikamwambia, mzee, pita hapa mbele, leo hakuna wa kukuzuia. Akasema, "Baiskeli yangu iko jikoni."

Nikamfuata huko. Nilikuwa na kinasa sauti changu, na nimepata dakika 40 za muziki wa usiku ule, pamoja na makofi na vyombo vinavyogongana. Tutaupiga katika kipindi chetu cha salamu Jumamosi hii baada ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Na kabla ya wimbo wa kwanza nitasoma majina ya wote 11, mpiga ngoma hadi wanenguaji. Mzee aliniandikia pale uani, kwa kalamu yangu, kwenye gazeti walilofungia mishikaki. Jina moja limeingia mafuta, lakini linasomeka.